Mtu Aliyesamehewa Dhambi Zangu

Göteborg, Jumanne, tarehe 1 Juni 1841

Miaka ishirini na tisa tangu niondoke Granhult. Niliondoka nimevaa gauni la mke wa mchungaji, tena lililopigwa pasi vizuri, na sijarudi. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeishi mji huu kwa jina la Bi Ulrika Lindroth, mtunza nyumba wa Nahodha Åkerblom. Nahodha ni mjane. Ana jicho moja zima, na hilo hulitumia kusoma gazeti. Hajawahi kuniuliza kwa nini sauti yangu ni nzito. Mara moja tu alidhani nina koo baya, akaninunulia asali.

Nimezeeka vizuri ndani ya sketi. Silalamiki.

Leo amekuja jikoni mchuuzi wa vitambaa kutoka pande za kwetu. Nimempa kahawa. Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, ikiwa amepita Granhult. Akasema amepita, na usharika mzima unachemka. "Mama, yule mwizi wao amerudi. Hindrik wa Sketi."

Nilikuwa namenya kiazi. Nilimenya mpaka kikaisha.

Hindrik wa Sketi ni mimi. Ndiye mimi niliyeingia nyumba za wakubwa kama mpishi, kama yaya, mara moja kama bibi harusi, nikatoka na fedha ya mezani chini ya gauni. Ndiye mimi niliyetoroka gereza la ngomeni na kapu la nguo za kufua. Na sasa mchuuzi ananiambia kwamba siku ya Pentekoste mzee mmoja alibisha mlangoni kwa dada yangu Märta, analia, akasema yeye ni kaka yake. Märta akampokea. Serikali haina haja naye, makosa ni ya zamani na majaji waliomhukumu wamekwisha kufa. Jumapili hii atakalishwa kwenye kigoda cha toba mbele ya watu wote. Atakiri, mchungaji atamsamehe, atapokewa tena usharikani. Kuanzia hapo ana kitanda, ana mkate, na akifa ana nafasi makaburini karibu na wazazi.

Nikauliza atasamehewa dhambi zipi.

"Zote, mama. Mchungaji kasema hata zile zisizojulikana."

Dhambi zangu. Nilizitenda kwa mikono hii, katika baridi, na viatu vya kike vinavyobana. Halafu anakuja mtu asiyewahi kuiba hata kijiko, anasamehewa yeye, na mimi nabaki nazo.

Zaidi ya hayo kuna lile kaburi karibu na mama. Nilidhani nimeshaacha kulitamani. Sijaacha. Natamani na kitanda pia, kile cha jikoni kwetu, chenye mlango wa kusukuma kama kabati. Nataka Märta aniite kwa jina langu kabla sijafa.

Lazima niwe Granhult kabla ya Jumapili. Kigoda kile nitakikalia mimi.


Jumatano, tarehe 2 Juni

Mpango umekamilika.

Tatizo lilikuwa nguo. Gauni haiwezekani. Granhult hawajanisahau. Mchuuzi alisema mpaka leo mwanamke mgeni mwenye mabega mapana hafiki dukani kabla hajavutwa nywele, kuona kama ni zake. Ilinibidi nipate vazi ambalo hakuna mtu katika ufalme huu angetarajia kumwona nalo Hindrik wa Sketi. Nilifikiri sana. Nilisugua jiko lote la chuma kwa brashi huku nafikiri. Ndipo likanijia.

Nitakwenda kama mwanamume.

Ni mpango wa hali ya juu. Nilijikuta nacheka peke yangu mpaka Nahodha akauliza kulikoni.

Nimechukua suruali yake ya kijivu, ile ya mazishi, na koti na kofia ndefu. Sihesabu kuwa ni wizi. Mimi ndiye ninayezifua na kuzipiga pasi, yeye huzivaa tu. Nimezijaribu chumbani. Mambo mawili nilikuwa nimeyasahau kuhusu suruali. Kwanza vifungo, ambavyo vimewekwa na mtu asiyewatakia mema wenzake. Pili, mtu aliyevaa suruali anaonekana ana miguu miwili, na kila mmoja una mwendo wake. Wangu ulikuwa mwendo wa mjane anayekwenda kumzika mtu asiyemlilia. Mikono nayo sikujua niiweke wapi, maana hakuna aproni.

Nimemwambia Nahodha kwamba shangazi yangu wa Alingsås yu mahututi. Akanipa pole. Akakunja gazeti lake. Kisha akasema, "Kesho ni Alhamisi, Bi Ulrika."

Nikamwambia najua.

"Njegere."

Katika nyumba hii, kama katika kila nyumba ya Sweden, Alhamisi ni supu ya njegere na chapati za maji. Nikamwambia njegere nimeshaziloweka, na msichana wa jirani atakuja kuzichemsha. Alinitazama kwa lile jicho lake moja kama mtu anayeachwa kisiwani. Akauliza, kwa upole sana, kama shangazi hawezi kusubiri mpaka Ijumaa.


Alhamisi, tarehe 3 Juni. Njiani

Nilibadilisha nguo nyuma ya kinu cha upepo nje ya mji. Bi Ulrika akaingia kapuni. Akatoka Bwana Lindroth, mfanyabiashara wa mbao.

Nilikodi gari la farasi. Mwenyewe ni mkulima mwenye kiko mdomoni. Nilisimama pembeni ya gari. Naye akasimama. Tukatazamana. Ilichukua muda kabla sijatambua kwamba nasubiri kushikwa mkono nipande.

Kwenye kituo cha kwanza cha kubadilisha farasi nilisahau tena. Niliunyoosha mkono nishushwe. Akaushika, ni mtu mwenye adabu. Kisha akauangalia ule mkono kwa muda mrefu, mweupe, unanuka sabuni. Akauliza kama naumwa. Nikasema natoka Stockholm. Akatikisa kichwa, akasema alidhani hivyo.

Mvua ilinyesha. Kulikuwa na dimbwi mbele ya nyumba ya wageni. Nililivuka nimeinua suruali kwa ncha za vidole, pande zote mbili. Wanaume waliokaa barazani waliacha kuongea.

Chakula cha mchana kilikuwa ndama na mchuzi mweupe. Mchuzi ulikuwa na mabonge. Mtu mwingine angekula akanyamaza. Nilimwita mwenye nyumba, nikamweleza kwamba unga uliingia kabla siagi haijatulia. Mama huyo aliweka mikono kiunoni. Akasema, "Bwana, tangu nizaliwe sijaona mwanamume anayejua hilo. Mkeo ana bahati."

Nikasema sina mke. Hilo lilikuwa kosa.

Alikwenda nyuma, akarudi na dada yake. Mjane, mnene, mwenye meno yake yote. Akaketi mbele yangu mpaka nikamaliza kula. Kila nikiinua kichwa, naye ananitazama kama ndama wa mnadani. Mwishoni akaniuliza kama najua kufuma soksi. Nikasema hapana, huku naitazama soksi aliyokuwa akiifuma, na kisigino chake kilivyokosewa. Nilijizuia. Hakuna atakayejua nilivyojizuia.


Ijumaa, tarehe 4 Juni. Granhult

Nimefika. Mnara wa kanisa uko palepale, mbao zake zimepakwa lami upya. Miti ya mibechi niliyoiacha fito imekuwa ukuta. Mambo mengine yote yamepungua. Kilima tulichokuwa tukiteleza na ubao wakati wa theluji ni kipande cha ardhi kilichoinuka kidogo tu. Nilisimama hapo muda. Hakuna aliyenivuta nywele.

Nimepanga chumba kwenye nyumba ya wageni. Na yule mzee anayejiita mimi yuko humo humo, sebuleni, amezungukwa na watu kama jiko la moto.

Niseme kwanza hili. Mimi ni mrefu. Yule mtu ananifikia kwapani. Ana kipara, ana pua ya kiazi, ana mikono ya mchimba mitaro. Nikamwuliza jirani yangu wa mezani, kwa sauti ya kutojali, kama Hindrik wa Sketi hakuwa mtu mrefu. Akanijibu, "Alikuwa mrefu sana, bwana. Ngome imemfupisha."

Wote wakaafiki. Ngome hufupisha watu. Mmoja ana mjomba wake aliyefungwa akatoka mfupi.

Kisha yule mzee akaanza kisa cha bakuli la sukari la jaji. Kisa changu bora. Nilikuwa mpishi wa jaji majira ya baridi yote, nikaondoka na bakuli lake la fedha siku ya Pasaka. Yeye akasimulia kwamba jaji alimpenda yule mpishi, akapiga goti kumposa, na bakuli akalitoa mwenyewe kama zawadi ya uchumba. Watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Mama mmoja alijifuta macho kwa kitambaa cha meza.

Nikasema haikuwa hivyo. Nikasema bakuli lilitoka kwa dirisha la ghala, ndani ya unga.

Vikombe vikashushwa. Yule mzee akanigeukia, mpole kabisa. "Ulikuwepo, bwana?"

Nikasema nimesoma gazetini.

"Ah," akasema. "Gazeti. Waandishi hawakuwa na moyo wa kuandika habari za lile goti. Jaji alikuwa mzito, maskini, na sakafu ilikuwa ya mawe." Watu wakacheka upya. Mtu akanipiga mgongoni, akasema wafanyabiashara wa mbao na wao wana ukavu wa mbao. Yule mzee akaletewa kikombe kingine cha pombe kali. Mimi sikuletewa.

Kinachoniudhi ni kwamba kisa chake ni kizuri kuliko changu. Lile goti ningelifikiria mimi mapema.


Jumamosi, tarehe 5 Juni

Nimemwona Märta.

Nilikwenda kwa kisingizio cha kuulizia miti yake ya nyuma ya zizi. Amekuwa mwembamba, nywele zote nyeupe. Amefanana na mama hata anavyofungua mlango, kwa bega. Ilibidi nijishughulishe na kofia yangu kwa muda.

Yule mzee alikuwa jikoni, karibu na jiko, amejifunga blanketi la farasi kuanzia kiunoni. Ana suruali moja tu. Märta ameifua kwa ajili ya kesho na kuitundika uani. Amekaa hapo na miguu ya kuku, anachambua maharagwe, ametulia kama mfalme. Akanisalimu kwa uchangamfu. "Karibu, Bwana Mbao! Dada, huyu ndiye aliyesoma gazeti." Anamwita dada.

Märta akaniuliza nanunua miti ya aina gani. Nikasema mirefu. Akasema mirefu ipo.

Akaweka kahawa jikoni, kisha akatoka kwenda kuleta maziwa. Birika likaanza kupanda. Mtu gani anaacha kahawa ikapanda? Nikainuka, nikalitoa motoni, nikafungua kopo lililo juu ya rafu ya kushoto, nikachukua kipande cha ngozi kavu ya samaki, nikakitia birikani ili machicha yashuke. Mama alifanya hivyo. Ngozi ya sangara, kipande kama ukucha, na kugonga mara moja kwa kijiko. Nilipogeuka Märta amesimama mlangoni na maziwa.

Aliweka maziwa mezani. Alimimina. Tulikunywa. Kahawa ilikuwa safi kabisa.

Niliuliza maisha na kaka yake yakoje baada ya miaka mingi. Akanijibu kwamba anapasua kuni. Kila asubuhi, bila kuambiwa, na anazipanga. "Zamani hakupasua hata njiti," akasema. "Ngome imemfundisha." Na akanitazama, au alitazama dirisha nyuma yangu.

Wakati wa kuondoka nilipita uani. Suruali ilikuwa uzioni, inapepea. Mpango ulikuja wenyewe. Bila suruali hawezi kutoka nyumbani. Asipotoka, kigoda kitakuwa kitupu. Mchungaji ataita, na mimi nitainuka.

Nimeikunja chini ya koti. Ng'ombe alinitazama. Kila mtu anajua ng'ombe hula nguo za uzioni, kwa hiyo nimeacha kifungo kimoja karibu na mdomo wake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya fundi na mbabaishaji.


Jumapili, tarehe 6 Juni

Naandika haya barazani kwenye nyumba ya wageni. Jua bado liko juu. Nitajaribu kwenda kwa utaratibu.

Kanisa lilijaa. Watu walikuja mpaka kutoka sharika za jirani, na vikapu vya chakula. Mbele, chini ya mimbari, kigoda. Kidogo, cheusi, cha miguu mitatu. Kitupu. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa bibi harusi, nami najua unavyopiga. Niliingia kwa utulivu, nikatafuta nafasi karibu na mbele, nikakaa, nikapanga nguo zangu, nikafungua kitabu cha nyimbo. Wimbo wa kwanza niliuimba wote. Jirani yangu alisogea mbali kidogo. Nilidhani ni sauti yangu.

Injili ikasomwa. Jina la Yesu lilipotajwa, niliinama kwa magoti pamoja na wenzangu wote wa benchi.

Wenzangu wote wa benchi walikuwa wanawake.

Kwetu wanaume hukaa upande wa kusini na wanawake upande wa kaskazini, tangu kanisa lilipojengwa, na hata mbwa wanajua. Mimi nimekaa kaskazini kila Jumapili miaka hii yote. Miguu ilinipeleka. Nilikuwa nimeketi katikati ya akina mama wa Granhult, na suruali ya mazishi ya Nahodha, nikiinama kama msichana wa kipaimara. Upande wa pili wanaume walikuwa wamenyoosha shingo kuliko wakati wowote wa mahubiri.

Hapo hapo Mchungaji Norbelius akaita, "Hindrik Persson, mwana wa Per wa Granhult, njoo mbele."

Hakuna aliyesogea. Kigoda kitupu. Niliinuka.

Nilisema, "Ni mimi." Nilisema kwa sauti yangu mwenyewe, ambayo nilikuwa sijaitumia siku nyingi, na ilitoka na kutu.

Mzee wa kanisa anayeshika fimbo ndefu ya kuamshia waliosinzia alikuja mbio. Akanigonga begani nayo. "Bwana, huku ni kwa akina mama."

Nikasema mimi ndiye Hindrik. Nikasema mimi ndiye Hindrik wa Sketi.

Mama aliyekuwa nyuma yangu akasema, bila hata kunong'ona, "Na suruali hiyo? Keti, baba, unaumwa." Kicheko kikaanza kaskazini, kikavuka njia ya katikati, kikaingia kusini. Nikafungua kinywa kueleza.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Aliingia yule mzee, na Märta akimshika mkono. Alikuwa amevaa sketi. Sketi ya Märta ya kanisani, nyeusi, ya sufu, imefika vifundoni kwa sababu yeye ni mfupi. Alitembea vibaya sana. Alijikwaa. Lakini bibi mmoja wa mstari wa mbele, ambaye mwaka 1809 nilimwibia kofia, alisimama na kusema, "Sasa ndiyo namtambua."

Nilimpa mwenyewe. Nilimpa kitu pekee alichokosa.

Alikaa kwenye kigoda. Mchungaji alisoma dhambi, moja baada ya moja, naye kila moja aliitikia. Bakuli la jaji. Saa ya kanali. Kofia. Mbili kati ya hizo si zangu kabisa, hata sizijui, naye alizikubali pia. Aliponyanyuliwa alikuwa analia, na si machozi ya kuigiza, nayajua ya kuigiza. Mchungaji akamwekea mikono. Watu wakalia kusini na kaskazini. Jirani yangu wa benchi alinipa leso yake.

Nje, kwenye ukuta wa makaburi, Märta alinijia. Akanisogeza nyuma ya mnara.

"Majirani walitaka kumpa suruali," akasema. "Nilizikataa. Nikampa sketi."

Nikauliza tangu lini alijua.

"Ngozi ya samaki. Na rafu ya kushoto. Kabla ya hapo nilikushuku tu kwa vile ulivyokaa."

Nikamwuliza kama anajua yule ni nani. Akasema ni askari mzee kutoka kaskazini. Alipiga ngoma vitani. Kijiji chake hakimtaki, na jina lake mwenyewe halikumpatia hata bakuli la uji popote, kwa hiyo akatafuta jina lenye visa. Märta alilijua hilo siku ileile ya kwanza. "Alibisha hodi, Hindrik. Wewe hujawahi kubisha hodi."

Ameniita Hindrik. Nilisikia vizuri.

Kisha akasema, akitazama viatu vyake, "Vitanda viko viwili. Njoo ule chakula. Tutasema wewe ni binamu wa Göteborg, kichwa chako si kizima sana. Baada ya leo watakubali. Mengine utamwambia mchungaji taratibu, ofisini kwake, mlango umefungwa."

Nilisema ndiyo. Naandika hapa kwamba nilisema ndiyo, na nilikuwa na maana hiyo.

Tulikula kwa Märta. Samaki wa chumvi, viazi vipya, jibini. Mchungaji alikaa mwisho wa meza. Alitoa kikopo chake cha tumbaku ya kunusa, cha fedha, kifuniko kimechongwa jua, akakiweka karibu na siagi. Yule mzee, bado na sketi, alikuwa anasimulia kutoroka kwangu ngomeni, na kila mtu anamtazama yeye. Hakuna aliyekuwa anatazama kikopo.

Sikukihitaji. Sinusi tumbaku. Mkono ulikwenda.

Mikono ya gauni ni mipana, kitu kikiingia kinakwenda mpaka kwenye kiwiko na kukaa. Mkono wa koti la Nahodha ni mwembamba. Kikopo kiliingia nusu, kikafikiri, kikatoka. Kilianguka ndani ya bakuli la maziwa ya mgando mbele ya mchungaji mwenyewe.

Meza nzima ikaganda. Mchungaji alitazama bakuli. Märta alinitazama mimi.

"Ni mimi," akasema yule mzee. Alikuwa upande wa pili wa meza, asingeweza kufika hata kwa ufagio. "Samahani, baba mchungaji. Mkono umezoea. Leo tu asubuhi nimesamehewa, ona."

Mchungaji alikitoa kikopo, akakifuta. Akasema msamaha wa asubuhi una upana wa kutosha mpaka jioni. Akacheka. Wote wakacheka. Akamwekea mkono begani mara ya pili siku hiyo hiyo.

Märta alinisindikiza mpaka getini. Hakuwa na hasira. Alinyoosha kola ya koti langu.

"Amebeba mzigo wako mara mbili leo," akasema. "Nenda, kaka. Suruali yake uiache kwenye uzio."

Niliiacha. Kifungo kimoja hakipo.


Göteborg, Jumatano, tarehe 9 Juni

Nimerudi. Bi Ulrika ametoka kapuni amekunjamana. Nahodha aliniuliza habari za shangazi. Nikasema amepona, ila hanitambui. Akasema wazee ndivyo walivyo. Anasema msichana wa jirani aliunguza kila kitu, na alipokuwa anasema hivyo sauti yake ilitetemeka kidogo.

Nimekaa siku hizi nikitafakari kwa dhati. Nimeona wazi mahali nilipokosea.

Ni lile bakuli la maziwa. Sasa usharika mzima wa Granhult, na sharika za jirani, zinaamini kwamba Hindrik wa Sketi anaangusha vitu. Miaka yote ya kazi, bila sauti hata moja, halafu mpiga ngoma anajisingizia kazi mbovu kama ile kwa jina langu, mbele ya mchungaji. Alikuwa na nia njema, nakubali. Lakini watu wa nia njema hawajui heshima ya ufundi. Angalau angesema kilimteleza kwa sababu ya siagi.

Kwa upande mwingine kuna faida. Kila mtu Sweden sasa anajua Hindrik wa Sketi yuko Granhult, amesamehewa, anapasua kuni. Kitu chochote kikipotea Göteborg, hawezi kuwa yeye. Ghorofa ya juu amehamia mjane wa ofisa wa forodha, na vinara vyake vya mishumaa nimeviona kwa macho yangu vikipandishwa ngazi, vimefungwa kwa mashuka, vizito. Ijumaa nitapanda kama fundi wa saa. Suruali nimeshaizoea.

Märta nitamtumia kahawa, ratili chache, bila jina. Alifanya alivyoweza. Wana Hindrik wao kule, anawatosha, na kuni zake amezipanga vizuri mno.

Granhult sitarudi.